Alisimama wapi? Mwongozo kamili wa kueleza kwa Kiingereza mahali mtu aliposimama

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliwahi kuandika, katika insha ya Kiingereza kuhusu likizo yake kijijini, sentensi hii: “My grandmother was standing in the well.” Alichokusudia ni kwamba bibi yake alikuwa amesimama kisimani akisubiri zamu yake ya kuteka maji, lakini alichoandika kinamwonyesha msomaji wa Kiingereza bibi aliyetumbukia na anayehitaji kuteremshiwa kamba. Hakuna neno lililoendelezwa vibaya katika sentensi hiyo, na kitenzi kimekaa sawasawa. Kosa lote limo katika kineno kimoja chenye herufi mbili.

Kosa hilo lina asili yake. Kiswahili hupachika mahali kwenye nomino yenyewe kwa kiambishi tamati -ni, tukapata kisimani, mlangoni, mezani na barabarani. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Hutanguliza kihusishi mbele ya nomino na kuunda kirai kihusishi, kama “at the well” au “on the road”. Kwa kuwa -ni yetu ni moja na vihusishi vyao ni vingi, wanafunzi wengi hukariri njia ya mkato, kwamba “katika” ni “in” na “kwenye” ni “on”, kisha huitumia maisha yao yote. Njia hiyo inapotosha, kwa sababu katika matumizi ya kila siku “katika” na “kwenye” hubadilishana bila kugusa maana, ilhali “in” na “on” hazibadilishani. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni rahisi zaidi kwa sababu chombo chake tayari kimo kinywani mwa kila anayezungumza Kiswahili: ngeli ya mahali yenye viambishi vitatu, PA, KU na MU.

Hatua ya kwanza: amua “alisimama” ina maana gani

Kabla ya kutafuta kihusishi, kichunguze kitenzi, kwa kuwa “alisimama” hubeba angalau mambo matatu ambayo Kiingereza huyatenganisha. Mwalimu anapoingia darasani na wanafunzi wakasimama, wameinuka, na Kiingereza chake ni “stood up”. Gari likisimama langoni, limeacha kwenda, na hapo tunasema “stopped”. Ni pale tu mtu anapokuwa wima mahali fulani kwa muda ndipo “stood” inapofaa. Anayeandika “The bus stood at the gate and the people stood” amemwacha msomaji akikisia mara mbili katika sentensi moja.

Kuna mtego mwingine katika “alikuwa amesimama”. Kiambishi -me- huwavuta wengi kuandika “had stood”, kwa sababu darasani walifundishwa kwamba -me- ni wakati timilifu. Katika vitenzi vya mkao kama kusimama, kukaa, kulala na kuinama, -me- hueleza hali inayoendelea baada ya tendo kukamilika, na Kiingereza huieleza hali hiyo kwa umbo la -ing: “was standing”. Kwa hiyo “Nilipofika, mlinzi alikuwa amesimama getini” ni “When I arrived, the guard was standing at the gate”. Ukiwasikia Waingereza wengine wakisema “was stood”, usishangae, maana ni mazungumzo ya kawaida kwao. Hata hivyo usiyaandike katika mtihani wala katika barua rasmi.

Hatua ya pili: chagua kitu cha kumpimia mtu

Kila kirai kihusishi cha mahali kinahitaji kitu ambacho msomaji anaweza kukipata kwa urahisi kuliko anavyoweza kumpata mtu unayemweleza. Kitu hicho ndicho kinachokaa baada ya kihusishi. Mlango, mti, kaunta, nguzo ya umeme na msikiti hufaa kwa sababu havihami; mbuzi na mwendesha bodaboda havifai sana. Kama kuna vitu viwili vinavyofaa, chukua kile ambacho umbali wake na mtu ni mdogo zaidi, kisha ukiweke kile kikubwa baadaye, jambo ambalo tutalirudia.

Hatua ya tatu: pitisha sentensi kwenye PA, KU na MU

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Chukua sentensi yako ya Kiswahili na uigeuze iwe na kirejeshi cha mahali: aliposimama, alikosimama, alimosimama. Sema “kisimani alimosimama bibi” kwa sauti, na sikio lako litashtuka lenyewe, kwa sababu MU humwingiza bibi ndani. Sema “kisimani aliposimama bibi”, na mambo yametulia. Sikio lililoshtuka kwa Kiswahili limekwisha kukuonya kuhusu “in”, na mwanafunzi wetu angelijaribu hilo asingeandika alichoandika. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya mijini watu wengi siku hizi hutumia PA au KU hata mahali pa MU, lakini maana yake bado inasikika kila unapoitamka.

Ikiwa “alimosimama” ndiyo inayofaa, yaani mtu amezungukwa na kitu hicho, chaguo la kwanza ni “in”. Jikoni alimosimama mama ni “in the kitchen”. Majini alimosimama mvuvi, maji yakimfika magotini, ni “in the water up to his knees”. Umatini alimosimama kijana ni “in the crowd”. Nyasi hutoa mfano mzuri wa jinsi mazingira yanavyoamua: kwenye nyasi fupi za uwanjani mtu husimama “on the grass”, lakini kwenye nyasi zinazomfika kiunoni husimama “in the long grass”, kwa kuwa sasa zimemmeza.

Ikiwa “aliposimama” ndiyo inayofaa, jiulize swali moja zaidi: je, kitu hicho kiko chini ya nyayo zake? Kama ndiyo, andika “on”. Hivyo tunapata “on the roof”, “on the stairs”, “on the bridge”, “on the stage”, “on the beach” na, kwa mtu aliyesimama barazani, “on the veranda”. Kama kitu hicho hakiko chini ya nyayo bali kando yake, chaguo ni kati ya “at” na “by”, na tofauti yao si umbali. “At” humaanisha kwamba mtu yupo hapo kwa shughuli ya mahali hapo, na “by” humaanisha ukaribu tu. Aliyesimama “at the counter” anataka kuhudumiwa. Aliyesimama “by the counter” huenda anakwepa mvua tu. Aliyesimama “at the window” tunamwona akitazama nje, na aliyesimama “by the window” anaweza kuwa amelipa dirisha mgongo. Bibi aliyengoja kuteka maji alikuwa “at the well”.

KU ndiyo nyepesi kuliko zote. Unaposema “kule sokoni alikosimama” bila kujali ni kibanda gani, Kiingereza huridhika na “at the market”, au “over at the market” unapokuwa unaonyesha upande kwa kidole, au “somewhere near the market” kama huna hakika.

Mlango unastahili mazoezi ya peke yake, kwa sababu neno mlangoni hukusanya hali nyingi mno. Mgeni aliyebisha hodi amesimama “at the door”. Kondakta wa daladala, au makanga wa matatu kwa walio Kenya, anayejaza uwazi wa mlango huku basi likienda, amesimama “in the doorway”. Angalia kwamba Kiingereza kinabadilisha hata nomino, kwa kuwa “door” ni ubao wenyewe na “doorway” ni nafasi ya kupitia. Kiti cha mlinzi kikiwa pembeni mwa mlango, mlinzi aliyeinuka hapo amesimama “by the door”. Mtoto aliyejificha amesimama “behind the door”, na mwenye nyumba aliyetoka hatua moja tu nje amesimama “on the doorstep”.

Mahali ambapo kanuni hiyo haitoshi

Kuna matumizi ambayo hayafuati hesabu hii, na ni afadhali kuyajua kuliko kuyalalamikia. Kubwa kuliko yote ni vyombo vya usafiri. Abiria aliyekosa kiti yumo ndani ya basi kabisa, lakini Kiingereza husema “He stood on the bus”, na ndivyo ilivyo kwa treni, ndege na kivuko. Kwa hiyo anayevuka Likoni au Kigamboni akiwa wima amesimama “on the ferry”. Gari dogo na teksi huchukua “in”. Njia ya kukumbuka ambayo walimu wengi huitumia ni kwamba chombo unachoweza kutembea ndani yake huchukua “on”. Kama mtu alikuwa juu ya paa la basi kweli, itabidi ulitaje paa: “on the roof of the bus”.

Hali ya hewa na mwanga huchukua “in”, hata pale Kiswahili kinapovumilia “pale juani”. Tunasema “in the sun”, “in the rain”, “in the shade” na “in the dark”. Anayeandika “on the sun” amemsimamisha mtu juu ya jua lenyewe. Foleni nayo huchukua “in”: Waingereza husema “in the queue” na Wamarekani “in line”. Shambani hugawanyika: “on the farm” ukizungumzia shamba kama mali yote pamoja na nyumba na mabanda, na “in the field” ukizungumzia kipande kilicholimwa. Kona vilevile hugawanyika, kwa kuwa kona ya chumba huchukua “in the corner” na kona ya barabara huchukua “on the corner” au “at the corner”.

Kizimbani panahitaji uangalifu wa pekee kwa wanaotafsiri habari za mahakama. Kiswahili hutumia neno hilo kwa mshtakiwa na hata kwa shahidi, lakini katika Kiingereza cha Uingereza mshtakiwa husimama “in the dock” na shahidi husimama “in the witness box”, ambapo Wamarekani humwita shahidi kuwa “on the stand”. Kumweka shahidi “in the dock” ni kumfanya mshtakiwa kwa kalamu.

Hatua ya nne: pande za mbele, nyuma, juu na chini

Vielezi vyetu vya pande huenda pamoja na “ya”, na “ya” hiyo huwashawishi wengi kuongeza “of” kila mahali. Katika Kiingereza “of” huandamana na virai vyenye nomino ndani yake: “in front of”, “on top of”, “in the middle of”, “at the back of”, “to the left of”. Vihusishi vya neno moja kama “behind”, “under”, “beside”, “between”, “above” na “near” havihitaji “of”, na havihitaji “with” pia, ingawa Kiswahili husema “karibu na”. Mbali na ni “far from”. Na uwe macho na herufi moja: “beside” ni kando ya, lakini “besides” ni zaidi ya au mbali na hayo.

“Mbele ya” ndiyo inayonisumbua zaidi ninaposahihisha kazi, kwa sababu ina maana nne. Mtu aliyesimama mbele ya benki upande uleule wa barabara amesimama “in front of the bank”. Akiwa ng'ambo ya barabara akielekeana nayo, amesimama “opposite the bank”, bila “to” wala “of”. Akiwa ndani ya chombo au chumba, sehemu ya mbele, amesimama “at the front of the bus”, na ni vizuri asichanganye, maana aliyesimama “in front of the bus” anaweza kugongwa. Na tunapoelekezana njia tukasema yupo mbele kidogo ya sheli, kama Watanzania wengi wanavyokiita kituo cha mafuta, tunamaanisha baada ya kuipita, yaani “just past the petrol station”.

“Chini ya” na “juu ya” nazo hugawanyika zikikutana na vitu virefu. Chini ya mwembe ni “under the mango tree”, lakini chini ya mlima ni “at the foot of the mountain”, isipokuwa mtu huyo awe mchimba madini. Chini ya ngazi inaweza kuwa “under the stairs”, mahali panapowekwa ndoo na mifagio, au “at the foot of the stairs”, pale ngazi zinapoanzia. Juu ya meza, miguu ikigusa, ni “on the table”. “Above” huacha nafasi katikati, na “stood over him” huonyesha mtu aliyesimama akimwinamia mwingine aliyelala au aliyekaa, mara nyingi kwa vitisho.

“Kati ya” huenda na “between” kama vitu vinatajwa kimoja kimoja, kwa mfano “between the car and the wall”. Kundi lisilohesabika huchukua “among”, na kitu kimoja chenye katikati yake huchukua “in the middle of”. Hakuna “between the road”.

Kosa moja la kisarufi hujitokeza hapa karibu kila mara. Kiswahili husema nyuma yangu, mbele yake, kando yetu, yaani hutumia vimilikishi, na mwanafunzi huandika “behind my” au “in front of his”, sentensi ikabaki inaning'inia. Baada ya kihusishi Kiingereza huweka “me, him, her, us, them”: “behind me”, “in front of him”, “beside us”. Kushoto na kulia, kama kwa makusudi ya kuwachanganya watu, hurudi kwenye kimilikishi: “on my left”, “on her right”.

Kuna pia mikao ambayo Kiswahili huieleza kwa kitenzi kizima na Kiingereza huieleza kwa kirai. Ameegemea ukuta ni “leaning against the wall”, na “against” hapo ndiyo inayofanya kazi ya kauli ya kutendea iliyomo katika egemea. Ameupa ukuta mgongo ni “with his back to the wall”. Angalizo dogo: “I stood by him” mara nyingi hueleweka kuwa nilimuunga mkono wakati wa shida. Ukimaanisha miguu tu, andika “next to him”.

Hatua ya tano: panga virai vinapokuwa zaidi ya kimoja

Kwa kawaida mpangilio mzuri huanza na kilicho karibu kabisa na mtu na kutoka nje polepole: “She stood in the shade, under the mango tree, behind the mosque.” Mahali hutangulia wakati, kwa hiyo “at the gate at six o'clock”. Usisahau kwamba saa kumi na mbili zetu ni “six o'clock”. Maelezo ya shahidi yaliyopatia kihusishi na kukosea saa hayana faida. Umbali nao hukaa kabla ya kihusishi, tofauti na mazoea yetu: mita tatu nyuma ya gari ni “three metres behind the car”.

Virai vikirundikana, msomaji anaweza kushindwa kujua kipi ni cha nani. “I saw the man on the roof” haisemi ni nani aliyekuwa juu ya paa, mimi au yeye. Kiswahili huliondoa tatizo hilo kwa “aliyekuwa”, na Kiingereza kina dawa kama hiyo: “the man who was standing on the roof”. Kwenye maelezo ya polisi au ya bima usione haya kuitumia, hata kama sentensi itarefuka.

Kwa wanaoandika hadithi, ipo zawadi moja ambayo lugha hizi mbili zinashirikiana. Tunaweza kusema “Mlangoni palisimama mzee”, mahali pakitangulia na kitenzi kikifuata mahali. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: “At the door stood an old man.” Inafaa unapomtambulisha mtu mpya. Ikiwa mtu ametajwa kwa kiwakilishi, mpangilio huo haukubaliki. Huwezi kuandika “At the door stood he” bila kusikika kama mtu wa karne zilizopita.

Mazoezi: anza na wasiohama

Ninapendekeza kuanza na sanamu, kwa sababu hazisogei wakati unafikiri. Katikati ya Dar es Salaam kuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, na sentensi yake inaweza kuwa hii: “The soldier stands on a plinth in the middle of a roundabout, with his bayonet pointing towards the harbour.” Jijini Nairobi, sanamu ya Tom Mboya, iliyowekwa mwaka 2011, “stands on Moi Avenue, outside the National Archives”, na ile ya Dedan Kimathi, ya mwaka 2007, “stands on Kimathi Street”. Angalia kwamba sanamu na majengo huchukua “stands”, wala si “is standing”, kwa kuwa umbo la -ing humaanisha hali ya muda tu.

Baada ya hapo nenda kwa watu wenye miguu. Kaa Forodhani, Unguja, jioni, uandike kuhusu kijana anayejiandaa kurukia baharini: “He stood on the sea wall, opposite the Old Fort, with his back to the water.” Kila kihusishi kina sababu yake: ukuta uko chini ya nyayo, Ngome Kongwe inaelekeana naye ng'ambo ya barabara, na maji yapo mgongoni.

Kisha mpe mtu mwingine sentensi zako pamoja na karatasi na penseli, umwombe achore alichosoma bila kukuuliza chochote. Andika kwa mfano “The guard stood at the gate”, na uone penseli itamweka mlinzi upande gani. Ikimweka barabarani nawe ulimwona uani, neno ulilolihitaji lilikuwa “inside the gate”.